Kalenda ya Nyuma ya Mlango

Hedhi yangu ilikuwa siku sita. Tangu nivunje ungo haikuwahi kuwa tano wala saba. Nina hakika ya hilo kwa sababu nyuma ya mlango wa chumba changu inaning'inia kalenda, na kila mwaka mpya hutundikwa juu ya ile ya zamani. Tunapewa na duka moja la vitambaa pale Bagamoyo mjini, la Mwarabu ambaye babu yake alimuuzia bibi yangu kanga. Juu ina picha ya Al-Kaaba, chini ina tarehe za kawaida na za Kiislamu pamoja.

Mama ndiye aliyenifundisha kuitia alama. Mwanamke wa kwetu hahesabu siku zake kwa ajili ya daktari. Anazihesabu kwa ajili ya Ramadhani, maana siku alizokula kwa kuwa hedhini lazima azilipe kabla ya Ramadhani nyingine kuingia. Kwa hiyo kila siku niliyokuwa mwezini nilichora kistari kwa kalamu nyekundu, na damu ikikatika nikatoharika nilichora duara. Nilifanya hivyo miaka kumi na tisa bila kufikiri kwamba kuna siku mistari hiyo itaniokoa.

Jina langu ni Zainabu. Kijijini kwetu Mlingotini wananiita Mama Hidaya, kwa jina la binti yangu wa pekee. Nalima mwani. Kikundi chetu kina wanawake kumi na wanane, na mimi ni katibu kwa sababu mbili tu: nilimaliza kidato cha nne, na mwandiko wangu unasomeka. Wakati wa bamvu, maji yanapokauka sana, tunaingia mpaka mapajani, tunafunga vipande vya mwani kwenye kamba, tunavuna vilivyokomaa na kuvivuta ufukweni. Mule majini hakuna siri. Mtu akikosa kuja, wenzake wanajua kama anaumwa, ana mgeni au amenuniwa na mumewe.

Nilikuwa mzima. Kazi ya siku nzima sikuiona kitu. Jambo moja tu lilinikaa moyoni: Hidaya alikuwa na miaka kumi, na kwa miaka minne mimi na mume wangu Hamisi tulikuwa tukitafuta mtoto wa pili bila kufanikiwa. Hamisi ni seremala, mtu mpole, hasemi sana. Alikuwa hanilaumu. Naomba msomaji alikumbuke hili, maana nitalirudia.

Chanjo ya korona ilipofika kwetu ilikuwa mfunguo nne, mwezi wa nne tangu Ramadhani kwisha. Mwaka huo baba yangu mdogo alikuwa amekufa kwa kukosa pumzi, na tulimzika watu wachache, tumekaa mbali mbali kama tuliogombana. Kwa hiyo watu wa afya waliponiomba niwahamasishe wenzangu, sikuhitaji kubembelezwa. Wakaja kwenye banda letu la kuanikia mwani: muuguzi mmoja na kijana wa kuandika majina. Kituo walichotoka sitakitaja, wala majina yao. Sikuja hapa kumvunjia mtu heshima.

Mbele ya wenzangu nilimuuliza muuguzi, "Dada, wanasema inaharibu mambo ya wanawake. Hedhi haitabadilika?"

Akatabasamu. "Swali zuri, Mama Hidaya. Jibu ni hapana. Haigusi hedhi wala kizazi. Huo ni uvumi wa kwenye simu."

Alisema vizuri, nami nikamwamini. Nikakunja mkono wa gauni, nikachanjwa wa kwanza. Kumi na wanne wakanifuata. Mmoja wao, Mwajuma, shoga yangu tangu darasa la kwanza, alisema kwa sauti kila mtu asikie, "Mimi sindano naiogopa kuliko mama mkwe, lakini kama Zainabu kachomwa, nami nichomeni."

Kabla ya kuondoka muuguzi aliniachia karatasi yenye safu: homa, maumivu ya mkono, kichwa, kizunguzungu. Safu ya mwisho iliandikwa "Mengineyo". Akaniambia, "Mtu akipata lolote, andika."

Wiki mbili baadaye tulikuwa majini. Mwajuma akaniita pembeni, akainama kama anayekaza kigingi.

"Mama Hidaya, jana nimeingia mwezini. Mapema, kama siku kumi hivi. Na damu hii si ya kawaida yangu. Inatoka kama ya mwanamke aliyejifungua."

Mmoja aliyekuwa karibu akadakia. "Mwajuma, labda bwana karudi kwa kishindo!"

Wakacheka. Mwajuma naye akacheka, kisha akanigeukia. "Utaniandikia?"

Jioni hiyo nilimpigia simu muuguzi. Akaniambia, "Hilo usiandike, utawatia hofu wenzio na waliobaki hawatakuja kuchanjwa. Ni mawazo tu. Mwambie atulie."

Safu ya Mengineyo ilikuwa mbele yangu, nyeupe. Kalamu ilikuwa mkononi. Sikuandika. Kesho yake nikamwambia Mwajuma, "Nimeuliza, shoga yangu. Ni mawazo. Kunywa maji mengi, upumzike."

"Haya, katibu," akasema, akarudi kwenye kamba zake.

Hakuwahi kuniita katibu kabla ya siku hiyo.

Siku nne baadaye mimi nikaingia mwezini. Kalenda inasema ilikuwa mapema kwa siku nane. Ilidumu siku kumi. Siku ya tatu nilisikia kitu kinatoka kizito, na nilipotazama kitambaa niliona bonge la damu jeusi, ukubwa wa ini la kuku. Pakiti ya pedi ya mwezi mzima niliimaliza kwa siku mbili. Nikajiambia maneno yaleyale niliyomwambia Mwajuma.

Mwezi uliofuata ulikuwa siku kumi na mbili. Uliofuata, kumi na nne. Nililala juu ya mkeka wa plastiki niliotandika chini ya shuka. Nikipanda ngazi tatu za nyumba ya mama mkwe moyo ulidunda kama nimekimbia. Nikaanza kutamani kula barafu, nikawa namtuma Hidaya dukani kuninunulia, naitafuna mpaka meno yanauma. Nikienda kusuka, msusi alisema, "Nywele zinatoka zenyewe, dada, wala sijavuta."

Nilikwenda kituoni. Daktari wa zamu alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye haraka. Nilimwamkia, akaitikia huku anaandika. Nikamweleza: chanjo, kisha mwezi kuwahi, kisha mabonge.

"Nyie mnajiumiza na mitandao," akasema. "Chanjo na hedhi vinahusiana wapi?"

"Sijui, daktari. Ndiyo nimekuja kuuliza."

"Hayo ni mambo ya wanawake, yanakuja yanapita. Meza hizi, zitakupunguzia maumivu."

"Sina maumivu. Nina damu."

Akanyoosha mkono kumwita mgonjwa mwingine. Nilikaa mbele yake muda wa mtu kunywa chai ya moto nusu kikombe. Hakunifunua kope aone rangi ya jicho. Hakunigusa tumbo. Hakuuliza ni siku ngapi.

Nilirudi mfunguo nane, safari hii na Hamisi. Nilifikiri nikija na mume nitasikilizwa. Hilo ndilo kosa ambalo mpaka leo nalijutia.

"Unatumia njia gani ya uzazi wa mpango?" daktari aliuliza. Ni yuleyule.

"Situmii."

"Sindano? Kijiti?"

"Situmii, daktari. Tunatafuta mtoto, mwaka wa nne huu."

Akaweka kalamu chini na kumgeukia Hamisi, kana kwamba mimi nimetoka nje. "Mzee, hawa tunawajua. Anachomwa sindano kimyakimya, nyumbani hasemi. Damu ikivurugika anasingizia chanjo. Kaulizaneni nyumbani."

Akaandika. Mimi ni katibu, nimezoea kusoma karatasi ikiwa imeelekea upande wa pili wa meza. Kwa Kiingereza chake aliandika kwamba ninashukiwa kutumia sindano ya kuzuia mimba, na kwamba nakataa kukiri. Kipimo hakuandika hata kimoja. Kadi yangu akaijaza hivyohivyo.

Tulitembea mpaka nyumbani. Hamisi alipovua viatu akasema, "Sema tu, Zainabu. Sitakupiga."

"Niseme nini?"

"Miaka minne."

Kumbe mtu akishasemwa na daktari, hata kukana kwake kunaonekana kukiri. Siku chache baadaye nilifungua sanduku langu la nguo nikaona kanga zimekunjwa kwa njia isiyo yangu. Hamisi alikuwa ametafuta kadi ya kliniki ya uzazi wa mpango. Hakuikuta, kwa kuwa haikuwapo, lakini hakuniambia kwamba ameitafuta, wala kwamba hakuiona. Damu ilikuwa inanitoka, nami nilikuwa nimefikia hatua ya kukaa juu ya beseni, lakini siku hiyo nililia kwa ajili ya zile kanga.

Dada yake Hamisi, wifi yangu Tatu, alisikia. Akaja mchana, akakaa kibarazani, akanena bila kuteremsha sauti.

"Wifi, kaka yangu anataka watoto, hataki hadithi za sindano. Kama kuzaa hutaki, sema. Wako wanaotaka."

"Wifi, mimi naumwa."

"Unaumwa miezi mitano na bado unakwenda mwanini?"

Nilikuwa nakwenda, ni kweli. Nilikuwa najifunga vitambaa viwili na kaptura nyeusi juu yake, nachagua sehemu ya mwisho ya shamba, mbali na wenzangu. Mwajuma aliniona nikihama hivyo. Hakuuliza kitu. Alikuwa na haki ya kutouliza.

Aliyeuliza ni Bi Nuru, mwalimu wa madrasa ya kina mama. Alinikosa darasani wiki tatu mfululizo, akaja nyumbani.

"Shikamoo, Bi Nuru."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huonekani?"

"Sisali," nikamjibu. Kwetu neno hilo linatosha kusema uko mwezini, kila mwanamke anaelewa.

"Wiki tatu husali?" Akaketi. Akavaa miwani kama anayetaka kusoma. "Ilianza lini?"

Nikamwambia.

"Asubuhi au jioni? Rangi gani? Nyekundu, nyeusi, au inaelekea manjano? Nzito au nyepesi? Ina harufu? Inakatika? Ikikatika unakaa safi siku ngapi? Na zamani, ada yako ilikuwa siku ngapi?"

Nilianza kujibu, kisha nikajifunika uso kwa kanga. Bi Nuru akadhani nimeona haya. Haikuwa haya. Nilikuwa nimekwenda mara mbili kwa mtu aliyesomea miili ya watu, hakuniuliza hata swali moja katika hayo. Huyu mwanamke wa miaka sabini, aliyesoma fiqhi, sheria za dini, kwa baba yake kibarazani, alikuwa ananiuliza yote kwa mpangilio.

Nikainuka, nikaitoa kalenda kwenye msumari. Akaitandaza mapajani na kuhesabu kwa kidole, mwezi baada ya mwezi, midomo ikimcheza.

"Hedhi mwisho wake siku kumi na tano," akasema. "Hii ni ya ishirini na tatu. Hii si hedhi tena, ni istihadha. Koga, jifunge vizuri, tia udhu kwa kila sala, usali. Lakini istihadha, mwanangu, ni maradhi. Mgonjwa anapelekwa kwa tabibu."

"Nimekwenda mara mbili, Bi Nuru."

"Utakwenda ya tatu. Na kalenda hii uibebe."

Hamisi alikuwa ameingia, amesimama mlangoni na msumeno wake. Bi Nuru, ambaye maneno ya wifi yalikuwa yameshamfikia, akamtazama juu ya miwani. "Na wewe, baba. Mwanamke anayeficha sindano ataandika siku zake kwa wino mwekundu mahali unapotundika shati lako kila siku? Umewahi kuisoma?"

Hamisi akainamisha kichwa. "Sijawahi."

"Basi soma."

Tulipanga kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam baada ya bamvu, kwa sababu mwani wangu ulikuwa umekomaa na ukiachwa unakatika na kupotea. Nasema haya ili mtu mwingine asifanye nilivyofanya. Nilichagua kamba nne za mwani.

Siku ya pili ya kuvuna nilikuwa nimeinama, nikaona kamba iliyo mbele yangu imekuwa mbili. Kisha sikuona kitu. Nilichosikia ni sauti ya Mwajuma, "Kichwa! Shikeni kichwa, kisiingie majini!" Nilipofumbua macho nilikuwa nimeegemea kifua chake, na maji yaliyotuzunguka yalikuwa yamebadilika rangi. Wenzangu wote waliyaona. Hakuna aliyetania.

"Tangu lini?" Mwajuma aliniuliza sikioni.

"Tangu ya kwako."

Wakanibeba kwa turubai la kuanikia mwani. Hamisi akatafuta gari. Kabla ya kupanda, alirudi ndani mbio, akatoka na kadi yangu ya kituoni, na kalenda ameikunja kama mkeka wa kusalia.

Katika hospitali ile tulipokewa na daktari mwanamke, kijana kuliko mimi. Jambo la kwanza alilofanya ni kunivuta kope ya chini. "Nyeupe kama karatasi," akamwambia mwenzake. Kipimo kikasema damu yangu ni tano. Akaniambia mwanamke mzima anatakiwa awe na kumi na mbili hivi.

"Una kumbukumbu ya siku zako?" akauliza.

Hamisi akaikunjua kalenda juu ya kitanda, miguuni pangu. Daktari akainama juu yake. Akaifuata mistari, akarudi nyuma mpaka kabla ya chanjo, akahesabu tena. Kisha akaipiga picha kwa simu yake.

"Nani kakuandikia hivi?"

"Mwenyewe. Ni kwa ajili ya kulipa funga."

"Mama, wagonjwa wangu wote wangekuwa na kitu kama hiki ningelala vizuri."

Akanipima kwa ile mashine ya kuona tumboni. Ndani ya mfuko wa uzazi kulikuwa na uvimbe, umejitokeza pale hasa ambapo damu ya hedhi hutengenezwa. Nikamuuliza lile swali moja. Nilikuwa nimelibeba kwa miezi sita.

"Daktari, ni chanjo?"

Hakucheka. Akavuta kiti. "Nitakujibu sehemu mbili. Ya kwanza: ndiyo, wapo wanawake wengi ambao baada ya chanjo ile hedhi yao iliwahi, ilichelewa au ilikuwa nzito. Hukukosea kuona, na wala si mawazo. Kwa walio wengi hurudi ilivyokuwa baada ya mwezi mmoja au miwili. Ya pili: uvimbe huu haukuletwa na chanjo. Unaota taratibu, na ulikuwapo kabla. Huenda ndio uliokuzuia kupata mimba. Damu ilipozidi mwezi wa pili na wa tatu, hapo ndipo ungetakiwa kupimwa."

"Nilikwenda."

"Nimesoma kadi yako," akasema, akatazama pembeni. "Pole sana, mama."

Nilifikiri jibu hilo litanituliza. Liliniwasha moto. Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi kiasi hicho. Ungetosha kusemwa pale bandani, kabla ya sindano: huenda mwezi ukavurugika kidogo, utarudi, usiporudi njoo. Hakuna mwanamke katika sisi ambaye angekimbia. Tunajua damu. Lakini kwa kuwa walisema haiwezekani, kila aliyeona alionekana mwongo, na mwongo hapimwi. Uvimbe wangu ulijificha nyuma ya uongo wao miezi sita.

Nilihitaji damu kabla ya kupasuliwa, na ndugu wakaombwa waje kuchangia. Hamisi alitoa. Wifi Tatu alikuja, akatoa, akapita kitandani kwangu akaweka chungwa na kuondoka bila kuzungumza, nami nikalipokea lile chungwa kama maneno. Mwajuma naye alikuja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono wake ukiwa hauna plasta.

"Wamenikataa," akasema.

"Kwa nini?"

"Wanasema damu yangu mwenyewe hainitoshi. Ile ya mwanzo ilinitoka miezi mitatu, kisha ikarudi yenyewe kawaida. Lakini iliyotoka hakuna aliyeirudisha, hata kwa kidonge."

"Hukumwambia mtu?"

"Nilikuambia wewe."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana bado nalisikia. Nilishika mkono wake nikamwomba radhi. Akasema, "Nimeshakusamehe, lakini ile karatasi bado naikumbuka." Daktari alimpa vidonge vya kuongeza damu siku hiyohiyo. Alikuwa amekuja kutoa, akaondoka na dawa.

Nilipasuliwa chini ya kitovu. Uvimbe ulikuwa ukubwa wa limau. Nilipozinduka, neno la kwanza la daktari lilikuwa, "Kizazi chako kipo." Nikamshukuru Mungu mpaka mdomo ukakauka. Kwa siku tatu nilitembea nimeinama nikishika tumbo, na nikikohoa nilidhani nyuzi zitaachia. Kisha nikaanza kunyooka. Barafu ikaacha kunivutia. Mwezi wa kwanza baada ya kupona ulikuwa siku sita. Nilichora mstari wa sita, nikachora duara, nikakaa sakafuni nyuma ya mlango nikaitazama kalenda.

Hamisi aliniambia siku niliyorudi nyumbani, akiwa ananiwekea mto mgongoni. "Nilifungua sanduku lako."

"Najua."

"Nilidhani hujui."

"Nguo zangu nazikunja mimi, Hamisi."

Siku hizi nikichora mstari yeye husoma. Mtoto wa pili hatujapata bado, na sisemi zaidi ya hapo, maana hilo ni la Mungu. Mapenzi yamerudi. Imani nayo inarudi polepole, kama nguvu za miguu.

Nilikwenda tena kile kituo. Yule daktari alikuwa amehamishwa. Nikaomba maneno yale kwenye faili langu yasahihishwe, au hata chini yake iandikwe kilichokutwa hospitali. Dada wa masijala akasema kilichoandikwa hakifutwi. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Lakini mama, si umeshapona?"

Nimepona, ndiyo. Na faili lao bado linasema mimi ni mwongo.

Muuguzi wa siku ya bandani nilimpigia. Nilimuuliza bila matusi kwa nini aliniambia haigusi. Akasema, "Kina mama walikuwa wanatuletea hayo malalamiko sehemu nyingine pia. Hatukuwa na jibu la kuwapa, Mama Hidaya. Tukaona bora tuseme hapana, watu wasije wakakimbia." Nilimshukuru kwa kunijibu. Walijua kiasi cha kuuliza, wakaamua kutouliza.

Wewe unayesoma haya, mama au binti, ziandike siku zako. Ukutani, kwenye daftari, kwenye simu, popote. Ukibadilisha kitambaa kila saa, ukitoa mabonge, ukizidi siku zako za kawaida kwa miezi miwili, nenda, na ukirudishwa nenda kwingine. Usingoje mwani ukomae. Na wewe uliyeoa, isome kalenda ya mkeo kabla ya kumwamini mtu aliyemwona kwa dakika tano. Chanjo sikukatazi. Mimi leo ningechanjwa tena. Ninachokataa ni kudanganywa kwa ajili ya faida yangu.

Mwaka huu watu wa afya wamerudi, na chanjo nyingine, ya wasichana, ya kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Hidaya naye amefikia umri. Waliniomba tena niwakusanye kina mama, nikakubali. Muuguzi alikuwa mpya. Akaeleza vizuri, nami nikasema binti yangu atachanjwa. Kisha Mwajuma, ambaye ana mabinti wawili, akasimama katikati ya banda.

"Swali langu dogo. Mtoto akibadilika chochote, hata mambo ya mwezini, tumwambie nani?"

Muuguzi akafungua mdomo, na nikaona tabasamu ninalolifahamu likianza kuja. Kina mama wote hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi.

Nikaichukua mezani karatasi ya muuguzi yenye safu zilezile, nikaigeuza mpaka kwenye safu ya Mengineyo, nikafungua kalamu.

"Niambie mimi, Mwajuma," nikasema. "Nitaandika."